Moshi wa gari la baba, kifua cha mtoto

Jumamosi asubuhi mjini Same, magari yamepanga foleni yakisubiri kukaguliwa. Noah za abiria, Canter mbili za tangawizi kutoka milimani, teksi kadhaa, na katikati yake Subaru Impreza WRX ya bluu, ya mwaka 2001. Nyuma ya usukani yupo mwalimu wa kemia wa sekondari, baba wa watoto wawili. Ameiosha tangu alfajiri.

Taa zinawaka, breki zinashika, mtungi wa kuzimia moto upo, pembetatu zipo. Mkaguzi anazunguka nyuma, anasimama hatua tatu kutoka kwenye bomba la moshi na kusema, "Mwalimu, kanyaga mafuta."

Anakanyaga. Subaru inanguruma kiasi kwamba vijana wa bodaboda ng'ambo ya barabara wanashangilia. Kisha moshi unatoka, rangi ya bluu, mzito, na upepo wa Same unausukuma hadi kwenye foleni.

"Hii inakula oili. Irudishe gereji, ukitengeneza uje."

"Sawa, afande," mwalimu anajibu, huku mmoja wa vijana wale wa bodaboda, aliyemfundisha miaka miwili iliyopita, akijifanya hajamwona.

Gari hilo alilinunua kwa ndugu yake wa Moshi, kwa mkopo wa SACCOS na akiba ya miaka minne. Mke wake alitaka Noah, yenye nafasi ya watoto, magunia na wakwe. Yeye alitaka injini yenye turbo. Walijadiliana wiki nzima, na mwishowe mama akakubali kwa sharti moja kwamba lifike Mbaga kwa bibi. Likafika, kwa kuwa Impreza hiyo huvuta kwa magurudumu yote manne. Tangu siku hiyo hakuna aliyelisema vibaya nyumbani.

Kitu kimoja tu hakuwahi kumweleza mke wake. Gari lilikuja bila masega. Mwenye nalo wa kwanza aliyatoa ili, kama mafundi wanavyosema, injini "ipumue", na pia kwa sababu masega yana soko. Ndani yake mna madini ya thamani kama platinamu, paladiamu na rodiamu. Pale yalipokuwa pakachomelewa bomba tupu.

Njia ya mkato

Fundi wa kwanza hakufungua hata boneti. Alisikiliza, akacheka, akatoa dawa aliyowapa wengi. Mwaga oili iliyomo, weka nzito zaidi, changanya na kopo la dawa ya kuzuia moshi. Siku ya ukaguzi endesha kwanza hadi injini ipate moto sawasawa, halafu ukiambiwa ukanyage, kanyaga taratibu.

"Ukishapata stika, Mwalimu, nani atakuuliza tena?"

Jumanne mwalimu alirudi kwenye ukaguzi. Moshi haukuonekana. Akapewa stika, akaibandika kwenye kioo cha mbele, na jioni hiyo familia ikala makande kwa furaha. Binti yao wa miaka sita, mwenye pumu tangu akiwa na miaka mitatu, ndiye aliyepewa kazi ya kukagua kama stika imekaa sawa.

Ijumaa ya wiki hiyo shule zilifungwa. Wakafunga safari ya kwenda Mbaga.

Anayeijua njia hiyo anajua ilivyo. Kutoka Same unafuata vilima kuelekea Kisiwani, Milima ya Upare kuume kwako na mbuga ya Mkomazi kushoto, vumbi tupu. Kisha unaacha tambarare na kuanza kupanda, kona juu ya kona, mawe yakigonga tumbo la gari lililo chini. Madirisha walikuwa wameyafunga kwa ajili ya vumbi. Baba aliweka gia ya kwanza na kukanyaga.

Katikati ya mlima mtoto wa kiume alisema kichwa kinamuuma. Mama naye alikuwa anasikia kizito kichwani, ila hakusema. Binti alianza kukohoa, kikohozi kifupi kikavu ambacho kila mzazi wa mtoto mwenye pumu anakitambua hata usingizini. Kisha akatapika.

"Ni kona hizi," baba alisema.

Walisimama, wakafungua milango. Mama akampa binti dawa ya kuvuta ya salbutamol kwa kifaa chake, akahesabu pumzi. Baada ya robo saa nje kwenye hewa ya mlimani, vichwa vya wote vikaanza kupata nafuu. Wakaingia tena na kumaliza safari madirisha yakiwa wazi, wote wakiwa wekundu kwa vumbi.

Bibi aliwapokea uwanjani. Alimkumbatia mjukuu, akanusa sweta lake, akamgeukia mwanawe.

"Mwanangu, mbona mtoto ananuka gereji?"

Usiku ule binti alilala akikoroma kifuani. Mama alikaa naye hadi saa kumi alfajiri. Asubuhi walimpeleka kituo cha afya, akatibiwa, akatulia. Muuguzi alipoambiwa kwamba watu watatu waliumwa kichwa ndani ya gari moja na wakapona walipotoka nje, aliacha kuandika na kuuliza, "Gari lenu lina umri gani?"

Somo analolifundisha mwenyewe

Mwalimu huyo kila mwaka huandika ubaoni kwamba mafuta yakiungua kwa hewa ya kutosha hutoa kaboni dayoksaidi na maji, na hewa ikipungua hutoa kaboni monoksaidi. Wanafunzi wananakili. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, wala haikerehi koo. Ikiingia kwenye damu hung'ang'ania himoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi, hivyo damu inazunguka huku oksijeni ikikosa nafasi.

Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Mtu hudhani ni malaria, njaa au kona za mlimani. Hata kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni kinaweza kudanganyika na kuonyesha namba nzuri, kwa sababu hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba gesi hiyo. Uhakika hupatikana kwa kipimo maalumu cha damu. Kilichotokea siku ile mlimani hakikupimwa, na muuguzi hakudai kujua. Alichosema ni kwamba watoto wasipande tena gari lile mpaka litazamwe.

Kwa mtoto mwenye pumu kuna la ziada. Moshi wenyewe, chembe zake na gesi zake nyingine, huchokoza njia za hewa na kuzifanya zibane. Watoto pia huvuta pumzi haraka kuliko watu wazima, kwa hiyo katika hewa ile ile chafu mtoto hupata zaidi kulingana na uzito wake.

Masega yaliyouzwa yaliwekwa kwa kazi hiyo hasa. Yakishapata joto la kutosha hugeuza kaboni monoksaidi kuwa kaboni dayoksaidi na kumalizia petroli ambayo haikuungua. Zamani hapa kwetu yasingedumu, kwani petroli ilitiwa risasi, na risasi huyaua. Lakini nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, ilifuata mwaka 2021. Sababu kubwa ilikuwa watoto, maana risasi huharibu ubongo unaokua. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki nazo zilihamia kwenye dizeli yenye salfa kidogo. Mafuta yamesafishwa. Gari lisilo na masega linarudisha nyuma sehemu ya kazi hiyo.

Huko Japani lilikotengenezwa, gari jipya dogo la binafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, moshi ukiwa miongoni mwa vinavyopimwa. Likija kwetu linaachana na ratiba hiyo. Anayebaki kulipima ni mwenye gari.

Kitambaa cheupe

Mama hakupiga kelele. Alirudi Same kwa basi na watoto, akaacha neno moja: hakuna mtoto atakayepanda gari lile mpaka baba amwonyeshe, si amwambie, kwamba limepona.

Fundi wa pili alikuwa mzee asiye na maneno mengi. Alichukua kitambaa cheupe, akakisogeza nyuma ya bomba injini ikiwa sailensa, akahesabu hadi sitini. Kitambaa kilitoka na duara jeusi lenye mafuta. Kisha akaliingiza gari kwenye shimo, akamwita mwalimu chini.

Pale lilipochomelewa bomba tupu, mawe ya njia ya Mbaga yalikuwa yamepasua kiungo. Ufa ulikuwa chini ya siti ya nyuma kabisa, na juu yake mpira wa tundu la sakafu ulikuwa umetoka. Gari lilikuwa likitoa moshi ndani ya chumba walimokaa watoto. Mkaguzi asingeweza kuuona akiwa amesimama nyuma, na oili nzito isingeuziba.

Orodha ilikuwa ndefu: sili za valvu, sili za turbo, sensa ya oksijeni iliyokufa na kuifanya injini imwage petroli kupita kiasi, bomba, na masega ya mtumba yaliyo mazima. Taa ya injini kwenye dashibodi ilikuwa imezibwa kwa kipande cha utepe mweusi. Mwalimu alikibandua mwenyewe.

Hela hakuwa nazo. Alikuwa na rimu nne za rangi ya dhahabu ambazo vijana wa mjini walikuwa wakiziulizia kila wiki. Aliziuza. Gari likarudi barabarani kwa rimu za kawaida, kama suti nzuri iliyovaliwa na kandambili.

Ambacho mzazi anaweza kutazama leo

Si lazima uwe fundi. Moshi wa bluu maana yake ni oili inaungua. Mweusi ni petroli au dizeli iliyozidi. Mweupe mzito usiokwisha hata injini ikishapata moto unaweza kuwa maji ya rejeta yanayoingia kwenye injini. Lakini kumbuka kwamba gesi mbaya kuliko zote haionekani, kwa hiyo bomba lisilotoa moshi si ushahidi kwamba kila kitu ni salama.

Sikiliza mlio mpya chini ya gari baada ya njia ya mawe. Kagua mipira ya buti na ya sakafuni. Usiwashe gari na kuliacha likiunguruma ndani ya banda lililofungwa, na usiwaache watoto wamekaa kwenye gari lililowashwa huku ukipiga soga dukani. Watu wawili wakiumwa kichwa pamoja ndani ya gari, simama, zima injini, toeni watoto nje, na kama hawapati nafuu haraka nendeni hospitali mkieleza kwamba mlikuwa garini. Mwenye pumu dawa yake isafiri mfukoni, si ndani ya begi kwenye buti.

Wiki ya tatu baada ya safari ile, jioni, mwalimu aliliegesha gari uani na kumwita mke wake. Stika ilikuwa bado inatumika, na hakuna mtu serikalini aliyemtaka arudie ukaguzi. Alitoa kitambaa cheupe, akakiweka nyuma ya bomba. Binti, aliyesimama mbali upande upepo unakotoka, alihesabu hadi sitini kwa sauti, akakosea kwenye arobaini na kurudia.

Mama alikipokea kitambaa, akakigeuza pande zote mbili, akakinusa. Kilikuwa na kivuli hafifu cha kijivu.

"Bado si cheupe," alisema.

"Gari lina miaka zaidi ya ishirini, mama."

Alikikunja, akakitia kwenye pochi. "Tutapanda hadi Kisiwani kwanza," alisema. "Mlima tutaujadili tukifika."