Mamba Muntu wa Kashojwa

Baba alifanya kazi Lubumbashi, akarudi Uvira na picha ya Mamba Muntu. Miaka ya 1970 picha hizo zilijaa kwenye saluni za watu kule: mwanamke mweupe, nywele ndefu, nyoka mwilini, chini samaki. Ukiokota unywele wake ufukweni, anakuja usiku kwenye ndoto kuudai. Mkipatana unatajirika, lakini usilale tena na mwanamke, na siri usiitoe. (Juzi nimesoma kwamba sura ya Mami Wata, dada yake wa Afrika Magharibi, ilitoka kwenye bango la mchezesha nyoka lililochapwa Hamburg, Ujerumani, miaka ya 1880. Baba angekataa kabisa.)

Hapa Kashojwa nilikuwa na jirani, mjane wa Fizi, muuza samaki. Siku moja akaezeka mabati, akafungua duka. Watu wakaanza: pesa katoa wapi? Mimi aliwahi kuninyima sukari ya deni, na hiyo ilikuwa bado inaniuma. Kwenye foleni ya maji nikasema, "Ule mama anaendaka ku ziwa saa kumi ya usiku. Kufanya nini?" Mtu akajibu, "Mamba Muntu!" Tukacheka sana.

Wiki mbili tu, hakuna aliyenunua kwake. Watoto wake wakakosa wa kucheza nao. Usiku mmoja mawe yakapigwa juu ya yale mabati.

Na mimi nilijua. Nilikuwa karani wa kikundi chetu cha akiba; mkopo wake niliuandika kwa mkono wangu, na malipo yake yote. Saa kumi alikuwa anawawahi wavuvi wa Ziwa Nakivale kabla wachuuzi wengine hawajaamka, viboko wakiwa bado nchi kavu wanakula majani.

Nilipeleka daftari kwenye foleni ileile, nikasoma. Wakaniambia, "Na wewe amekulisha."

Nikaenda kwake kuomba msamaha. Alikuwa anafunga mizigo. Akasema, "Kaka, nilisikiaka Mamba Muntu anapenda wanaume. Mbona hakukuchagua weye?"

Sasa anauza Mbarara, sokoni. Nikifika mjini napitia kwake. Ananisalimia vizuri, anauliza habari za watoto, anapima samaki. Bei hapunguzi, na mimi siombi.