Bwana Sisasa wa Bustani ya Chungu

Leo nakuomba unisikilize kwa jambo dogo sana, dogo hata laweza kuenea ndani ya chungu. Na chungu chenyewe kilikuwa kimepasuka.

Mjukuu wangu, binti wa miaka minane, alikiokota chungu hicho uani, upande wa kisimani, akakijaza udongo. Akachomeka kijiti cha mrihani kikawa mwembe, akapanga kauri zikawa njia, akalaza kipande cha kioo kikawa ziwa. Ganda la kibiriti likawa nyumba; na kastabini ya marehemu bibi yake, aliyokuwa akishonea kofia, ikawa sufuria ya kupikia. Mwenye nyumba alikuwa kokwa la embe. Wajua kokwa la embe, ukilifyonza vizuri na kulianika juani, linavyobaki na ndevu. Huyu alikuwa na ndevu za kumshinda kadhi, na kichwani amevishwa kizibo cha soda.

Mimi sikuona la kucheka. Tangu kuondokewa na mke wangu nilikuwa mtu wa kupita tu: msikitini, barazani, kitandani. Siku moja akaja mgeni ninayemheshimu, akakitazama chungu, akaniuliza kama siku hizi nyumbani kwangu kumewekwa masanamu. Niliona haya. Hata hajamaliza kahawa yake, nikakibeba chungu kwa mikono yangu mwenyewe, nikakimwaga jaani. Mtoto alikuwa chuoni. Aliporudi alipaangalia pale mahali, akaniangalia mimi, akaingia ndani. Hakulia. Laiti angalilia!

Usiku ule usingizi ulinipaa. Ndipo nilipokumbuka kuwa kastabini nayo imekwenda jaani. Na nikakumbuka khabari niliyoisoma tangu ujanani, iliyomo katika Sunan ya Abu Daud. Mtume wetu (s.a.w.) alirudi safarini, upepo ukalipeperusha pazia, pakaonekana watoto wa bandia wa Bibi Aisha (r.a.). Kati yao palikuwa na farasi mwenye mbawa mbili za matambara. Mtume akamuuliza ni nini kile, na vile vilivyo juu yake ni nini. Alipoambiwa kuwa ni mbawa, akastaajabu: farasi na mbawa? Bibi Aisha akamjibu kwa kumuuliza kama hakusikia kuwa Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa. Mtume akacheka hata magego yake yakaonekana.

Nayajua maneno ya maulamaa juu ya picha na masanamu, wala sikuja hapa kuyapindua. Lakini wengi wao wamevitoa katika hukumu hiyo vitu vya kuchezea watoto, na khabari hii ni moja ya hoja zao. Mimi lililonichoma ni jingine. Yeye aliuliza, akauliza tena, mpaka hadithi ikatoka. Mimi sikuuliza hata mara moja. Na tazama, ndugu yangu, kilichoulizwa ni zile mbawa. Farasi wa kawaida angalipitwa tu. Kitu kimoja kisichokaa mahali pake ndicho kinachomfungua mtoto mdomo.

Hata Wazungu walilijua hilo. Huko Uingereza, Sir Charles Isham wa Lamport Hall alianza katika miaka ya 1840 kujenga kilima cha mawe karibu na jumba lake, akakipanda vimiti vidogo, akaweka vijitu vyenye ndevu vilivyotoka Ujerumani. Wengine wangalivipanga safu vikapendeza. Yeye baadhi yao aliwafanya wachimba madini waliogoma! Alifariki mwaka 1903, na katika vijitu vyake kimebaki kimoja tu. Siku hizi bustani za namna hiyo huuzwa tayari madukani, na nyumba zake na daraja zake. Sizilaumu, ila mwenye kununua kila kitu hubaki bila la kusimulia.

Baada ya sala ya Alfajiri nilikwenda jaani na bakora yangu. Nililipata kokwa, nikapata kauri sita. Kastabini sikuiona. Nilifukua mpaka wapita njia wakaanza kunisalimia kwa huruma. Nilirudi na karai lililotoboka, nikaliweka palepale uani, nikamwambia mjukuu wangu, "Mama, nimekosa. Niwie radhi." Akaitikia kwa kichwa tu.

Siku ya tatu, alasiri, nilimsikia anasimulia. Nilijibanza nyuma ya mlango. Mle karaini palikuwa na mpangaji mpya, konokono. Mwenye ndevu anamdai kodi. Konokono anasema, "Nyumba yangu naibeba mwenyewe, kodi ya nini? Nilipe wewe, unayekaa kivulini kwangu!" Nikaziba mdomo kwa kanzu. Siafu wakaja kumwalika mwenye ndevu harusini. Akasema, "Si sasa." Watoto wakamwomba hadithi. "Si sasa." Jina lake Bwana Sisasa.

Kicheko kilinikauka. Neno hilo ni langu, msomaji. Mwaka mzima mtoto yule hakusikia kwangu jibu jingine.

Nilitoka, nikaketi chini mchangani, jambo ambalo magoti yangu hayalipendi. Nikauliza, "Na huyu bwana, mbona jikoni kwake hamna sufuria?"

Akanitazama kwanza. "Sufuria yake imekufa, Babu."

"Sufuria hufaje?"

"Mbona ya Abunuwasi ilikufa? Ilizaa kwanza, kisha ikafa. Bibi alinihadithia."

Kweli alimhadithia, nilikuwapo, marehemu akishona, mtoto amelala mapajani pake. Nilicheka pale chini mpaka machozi yakanitoka, na machozi yalipokuja hayakujua kama yameitwa na kicheko au na jingine. Mtoto akanipa kifuniko cha chupa ya dawa, akasema ndiye mwana wa ile sufuria, nimtafutie mafiga.

Tangu siku ile kila alasiri nakuta kitu kimoja kimehama. Jana konokono alikuwa mlangoni kwa Bwana Sisasa, na mbele yake kijikaratasi kama ukucha, kimeandikwa. Niliinama, lakini bila ya miwani sikuona herufi. Nikamwita mjukuu wangu aje anisomee.

Akanijibu kutoka jikoni, "Si sasa, Babu!"