Mtoto Baada ya Talaka: Baba Naye Ana Haki



Likitajwa suala la mtoto baada ya talaka, jawabu letu wanawake huwa fupi: mtoto ni wa mama. Lakini sisi ni mama, na pia ni dada wa mababa. Kaka yetu alipoachana na mkewe, mtoto wao alikuwa na miaka minne. Nafaka alikuwa akiitoa kila mwezi, ila kila akienda kumuona mwanawe huambiwa mara kalala, mara kapelekwa shamba. Idi ikapita hajamkumbatia. Akaona bora amchukue moja kwa moja, akaenda kwa kadhi, maana kwetu Zanzibar huko ndiko Waislamu tunakopeleka mambo ya ndoa, talaka na ulezi.

Huko tulifahamu mengi. Katika madhehebu ya Imam Shafii, mtoto mdogo hulelewa na mama yake, maadamu anafaa kulea na hajaolewa na mwanamme asiye na udugu na mtoto. Hata akiolewa, ulezi hauendi kwa baba papo hapo. Bibi mzaa mama humtangulia. Kaka alinyong'onyea. Alidhani nafaka aliyokuwa akitoa ingetosha kumpatia mtoto.

Lakini kukosa ulezi si kukosa haki. Baba ni walii wa mwanawe. Ana haki ya kumuona, na ana sauti katika masomo na adabu zake. Mtoto akifika umri wa kupambanua mambo, kiasi cha miaka saba, huchagua akae na nani. Mvulana akimchagua mama, usiku hulala kwa mama na mchana huwa na baba yake, amfunze na ampeleke chuoni au kwenye kazi. Msichana akimchagua mama, hukaa kwake usiku na mchana, na baba huja kumtembelea. Na mtoto akimchagua baba, mama hafungiwi mlango.

Kadhi aliamua mtoto abaki kwa mama, na baba amchukue kila Ijumaa asubuhi, amrejeshe Jumamosi jioni. Ijumaa ya kwanza mtoto alilia njia nzima. Baba yake amekuwa mgeni kwake. Hilo lilituuma kuliko kesi yenyewe.

Dada zetu, nafaka si kiingilio cha kumuona mtoto. Baba asipotoa, mshitaki kwa kadhi, usimfiche mtoto. Na baba aliyenyimwa kumuona mwanawe hawezi kusema basi sitoi. Chakula ni haki ya mtoto. Suratul Baqara, aya ya 233, imekataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe, na baba vilevile. Hata Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, inatanguliza maslahi ya mtoto.

Mabibi harusi wetu, hakuna anayeolewa akiwaza talaka, na tunawaombea isiwafike. Lakini mkiwa bado mnapendana, zungumzeni na waume zenu: likitokea la kutokea, mtoto asifanywe fimbo ya kupigana. Talaka huvunja ndoa. Ubaba hauvunjiki, wala umama.

Allah azijaalie nyumba zenu utulivu na mapenzi, na awahifadhi watoto wetu wote. Aamin.