Siku Tatu Bagamoyo

Jina la Bagamoyo twalijua sote tangu tulipokuwa watoto wa shule, lakini kuujua mji kwa jina na kuukanyaga kwa miguu ni mambo mawili. Sisi tuandikao haya ni mume na mke, walimu wote wawili, wakaaji wa Morogoro. Mwezi wa Oktoba mwaka 2024 siku ya kumkumbuka Mwalimu Nyerere iliangukia Jumatatu, tukapata siku tatu za mapumziko zikifuatana. Tukakata shauri kwenda pwani kuutazama mji ule mkongwe, maana kila mmoja wetu alikuwa na sababu yake ya kuutazama.

Sababu zenyewe ni hizi. Babu wa baba yake mume alikuwa Mnyamwezi, mpagazi wa pembe za ndovu. Wazee husimulia kwamba alishuka pwani mara nyingi, akarudi kwao na nguo za ujira wake. Bibi wa bibi yake mke aliletwa pwani hali mtoto, amefungwa, akakombolewa na wamisionari, akalelewa Bagamoyo. Alipokuwa mkubwa akaolewa, akapelekwa bara pamoja na mumewe kukaa Mhonda, ambako misioni ilianzishwa mwaka 1877. Basi katika nyumba yetu moja zimekutana safari mbili: mmoja alikwenda kwa kutafuta, mwingine kwa kuburutwa.

Twaliondoka Jumamosi alfajiri kwa basi, tukapita Chalinze na Msata, tukavuka mto Ruvu, na kabla ya adhuhuri tukafika. Zamani wapagazi waliotoka Tabora walitembea miezi miwili au mitatu, mzigo begani. Sisi tulilalamika kwa joto la saa chache.

Jua lilipopunguka tukaingia Mji Mkongwe. Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na milango mingine ina nakshi za kupendeza mno. Baadhi zimetengenezwa, na nyingine zimeanguka mapaa, miti imeota ukutani. Twaliliona Boma la Wajerumani la mwaka 1897. Mji huu ulikuwa makao makuu ya utawala wao hata mwaka 1891, walipohamia Dar es Salaam. Twakumbuka pia kwamba hawakupokewa kwa furaha: mwaka 1888 watu wa pwani waliinuka kupigana nao chini ya Abushiri bin Salim, naye akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba mwaka 1889.

Kisha tukafika penye nyumba ya misafara, ambapo wapagazi walitua mizigo yao. Hapo alikuwapo mzee mmoja mwenye kuwaongoza wageni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni Bwagamoyo."

Akatueleza kwamba jina la mji ni hilo, bwaga moyo, nalo lina maana mbili. Ya kwanza ni ya mpagazi: akiiona bahari hubwaga mzigo na moyo wake pamoja, apumzike, safari imekwisha. Ya pili ni ya mtumwa: akiiona bahari huubwaga moyo wake hapa pwani, maana mwili utapakiwa chomboni na kwao hatapaona tena.

Mume akauliza, "Na iliyo kweli ni ipi?"

Mzee akacheka, akasema, "Mwulize aliyefika."

Jambo hili lilitushughulisha usiku ule nyumbani kwa wageni. Mume alishikilia maana ya kwanza, tena hakukosa hoja. Alisema kwamba watumwa wengi zaidi walipitishwa Kilwa, na kwamba biashara kubwa ya Bagamoyo ilikuwa pembe, zilizoletwa na Wanyamwezi waliokuwa watu huru wenye kulipwa. Mke akajibu, "Mwenzangu, hesabu yako ni sahihi. Lakini hata kama angalipita hapa mtumwa mmoja tu, na huyo ndiye bibi wa bibi yangu, kwangu mimi mji huu una maana ya pili." Mume akanyamaza, tukalala.

Jumapili tulikwenda misioni kusali. Njia yake ina miembe mikubwa pande zote mbili, na kivuli chake ni baraka kwa mwenye kutoka juani. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja mwaka 1868, wakasimamisha msalaba karibu na bahari. Baada ya Misa twaliuona mbuyu mkubwa sana. Hapo zamani mtu alifunga mnyororo shinani, nao ukasahauliwa; mbuyu ukanenepa ukaumeza, hata leo chaonekana kipande kidogo tu.

Tukafika kwenye mnara wa kanisa la kwanza, lililojengwa mwaka 1872. Hapa ndipo ilipolazwa maiti ya Dakta David Livingstone, tarehe 24 Februari mwaka 1874. Alifariki mwezi wa Mei mwaka 1873 katika nchi iitwayo sasa Zambia, na watu wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliukausha mwili wake wakauchukua mpaka pwani, safari ya karibu miezi tisa. Kutoka hapa ulivushwa Unguja, na baadaye ukazikwa London, katika kanisa la Westminster. Wageni wengi husema, "Livingstone alipita hapa." Mume, aliye mjukuu wa wapagazi, alisema, "Livingstone hakupita, alipitishwa. Waliopita ni Chuma na Susi na wenzao." Twaliona amesema haki.

Baadaye tukaingia katika jumba la makumbusho, ambamo imewekwa minyororo ya watumwa na picha za wakati ule. Mke alisimama mbele ya minyororo kitambo kirefu, asiseme neno. Tulipotoka tukaketi kivulini, ndipo alipouliza swali ambalo hatukulitazamia katika safari ya kustarehe: "Je, bibi yetu alikombolewa, au alinunuliwa mara ya pili?"

Msomaji asidhani ni swali la kukosa shukrani. Mapadre wa kwanza waliwanunua watoto wengi kwa fedha katika soko la Unguja, mpaka soko lile lilipofungwa mwaka 1873. Wengine waliletwa kwao na manowari za Kiingereza zilizoyakamata majahazi ya watumwa. Watoto hao walifundishwa dini, kusoma na kazi za mikono. Walipokuwa wakubwa waliozwa kwa mpango wa misioni, wakapewa nyumba na kishamba katika kijiji cha Wakristo. Siku nyingi za juma walilima mashamba ya misioni. Hawakuwa na ruhusa ya kwenda wapendako, na baadhi yao walitoroka. Hata majina waliyopewa na mama zao yalifunikwa na majina mapya. La bibi yetu la ubatizo twalijua. La kuzaliwa hatulijui, wala kabila lake.

Lakini iko na sehemu ya pili ya hesabu. Aliyenunuliwa sokoni na tajiri huweza kuuzwa kesho, na watoto wake wakauzwa pia. Bibi yetu hakuuzwa tena. Alikaa na mumewe, akawalea wanawe mwenyewe, na mmoja wa wazao wake leo ni mwalimu. Na mapadre wenyewe hawakuja kutajirika: katika makaburi ya misioni wamelala wengi waliokufa kwa homa wakiwa vijana, mbali na mama zao.

Tukaongea hata jua likageuka. Mwisho mke akasema, "Nitashukuru, na swali langu nitabaki nalo." Nasi twaona hivyo ndivyo ilivyo. Mtu aliyekutoa kisimani humshukuru, na bado una haki ya kusema mahali ambapo kamba ilikuumiza. Shukrani isiyoweza kusema kweli ni hofu tu iliyovaa nguo njema.

Jumatatu asubuhi tulikwenda Kaole, yapata kilomita tano kusini ya mji. Huko yako magofu ya mji wa kale, na msikiti wake wa mawe ni wa karne ya kumi na tatu. Makaburi ya wakubwa yana nguzo ndefu, ambazo zamani zilipambwa kwa mabakuli ya Kichina. Bahari imejitenga na mahali pale, na mikoko imeota katikati. Waliojengewa nguzo hizo walikuwa watu wenye mali na cheo, lakini majina ya wengi wao hayajulikani. Liko kaburi moja linaloitwa la Sharifa, ambalo watu huliendea kuomba mpaka leo, kwa sababu habari zake zasimuliwa. Basi twalitambua kwamba jiwe halihifadhi jina. Jina huhifadhiwa na kinywa cha anayesimulia.

Kabla ya kurudi tulishuka ufukoni penye mashua na soko la samaki. Wavuvi walikuwa wakipigana bei na wachuuzi, watoto wakikimbia majini. Mume akaitazama bahari, akasema kwamba sasa azikubali maana zote mbili za jina, kwa kuwa yeye ameoa maana ya pili.

Tangu turudi Morogoro tumenunua daftari kubwa, tukaandika majina yote ya wazee wetu tuyajuayo, kila jina na mahali alipozaliwa mtu na alipozikwa. Penye jina la kuzaliwa la bibi yule tumeacha nafasi tupu. Hatukuijaza kwa kubahatisha, wala hatukuifuta, ili watoto wetu wajue kwamba hapo palikuwa na jina.

Nanyi wasomaji, mkipata nauli na siku tatu, nendeni Bagamoyo. Na asiyepata nauli aanze na mzee aliye karibu naye: amsalimu, aketi, amwulize majina, ayaandike. Wazee hawatungoji.