Shamba la Mawe la Bwana na Bibi Wilder

Bibi Laura hakutaka kuolewa na mkulima. Jambo hilo alimwambia mchumba wake waziwazi, na alipokwisha kuwa mtu mzima akaliandika bila kulificha. Yeye mwenyewe alizaliwa na kulelewa mashambani. Alimwona baba yake akihama kutoka jimbo moja hadi jingine kila mavuno yalipoharibika, na mama yake akifungasha vyombo na kuvifungua tena kwenye nyumba isiyokwisha kujengwa. Alijua ya kwamba mke wa mkulima hufanya kazi tangu alfajiri hadi usiku, na ya kwamba mkulima humlipa mwenye duka, mwenye mashine na mwenye benki kabla hajajilipa mwenyewe.

Bwana Almanzo Wilder, aliyekuwa akimposa, alimjibu ya kwamba mkulima ndiye mtu pekee asiye na bwana juu yake. Hawakukubaliana, lakini walipatana. Wangejaribu ukulima kwa miaka mitatu, na iwapo muda huo ungekwisha bila mafanikio, bwana angeacha shamba na kutafuta kazi nyingine. Harusi yao ilifungwa tarehe 25 Agosti 1885 katika mji mdogo wa De Smet, kwenye mbuga za Dakota, nchini Marekani. Bwana arusi alikuwa na umri wa miaka 28, na bibi arusi miaka 18.

Kuhusu ardhi, Bwana Wilder hakuwa maskini. Sheria ya Marekani ya mwaka 1862 ilimruhusu mtu kupata ekari 160 za ardhi ya serikali kwa ada ndogo, mradi akae hapo na kulima kwa miaka mitano. Sheria nyingine, ya mwaka 1873, ilimpa mtu ekari 160 zaidi endapo angepanda miti kwenye sehemu yake, na baada ya masahihisho sehemu hiyo ikawa ekari 10. Bwana Wilder alikuwa na maeneo ya namna zote mbili, jumla ekari 320. Watu waliiita ardhi ya bure. Haikuwa ya bure hata kidogo. Wenyewe walikuwa Wadakota, waliosukumwa wakaondoka kwa mikataba na kwa bunduki, na jina lao ndilo lililobaki juu ya nchi ambayo wao hawakuruhusiwa tena kuitumia. Wala mgeni aliyeipata hakuilima bila gharama. Palihitajika farasi, plau, mashine ya kuvunia, mbegu na mbao za kujengea, na vyote hivyo vilichukuliwa kwa mkopo.

Hapa ndipo penye kiini cha habari hii. Nyumba aliyoingia bibi arusi ilikuwa nzuri, yenye kabati la jikoni lililotengenezwa kwa uangalifu, lenye droo za unga na za sukari. Bibi Laura aliipenda sana jikoni ile. Kitabu alichokiandika juu ya miaka hiyo, kilichochapishwa mwaka 1971 baada ya yeye kufariki, kinaeleza ya kwamba baadaye aligundua nyumba hiyo ilikuwa na deni la dola 500 ambalo mumewe hakumtajia. Mama wa nyumbani yeyote anafahamu uchungu wa habari kama hiyo. Si fedha tu zinazouma; inauma pia kujua kwamba umekuwa ukifagia na kupamba mahali ambapo hujui ni pa nani.

Ngano ya mwaka 1886 ilikuwa tayari kuvunwa ilipopigwa na mvua ya mawe. Anaeleza ya kwamba mvua hiyo ilidumu dakika ishirini tu, na mabua yote yakalala chini. Mwezi Desemba mwaka huo alizaliwa binti yao, Rose. Mwaka uliofuata ghala iliungua. Mapema mwaka 1888 mume na mke walipatwa na dondakoo, na Bwana Wilder, ambaye hakuweza kutulia kitandani, alirudi kazini kabla ya kupona. Viungo vikapooza. Alipata nafuu, lakini tangu hapo alichechemea na kutembea kwa mkongojo. Miaka mitatu ya mapatano ilikwisha katika hali hiyo, nao wakajiongezea mwaka mmoja. Katika mwaka huo wa nyongeza ukame uliikausha ngano na ile miti ya ekari 10. Mwaka 1889 walizaliwa mtoto wa kiume, naye akafa kabla ya kutimiza mwezi. Kaburini pake hapakuandikwa jina, kwa sababu hakuwa amepewa. Siku chache baadaye moto ulianzia jikoni na nyumba ikateketea. Miongoni mwa vitu vichache vilivyookolewa ilikuwa sahani ya kioo ya kuwekea mkate, ambayo wawili hao walijinunulia wakati wa Krismasi yao ya kwanza.

Lilikuwa jambo la haki kabisa Bibi Laura amkumbushe mumewe mapatano yao. Hapana ushahidi ya kwamba alifanya hivyo. Walikwenda kwanza kwa wazazi wa bwana huko Minnesota, wakakaa zaidi ya mwaka mmoja. Kisha wakaelekea Florida, kwa matumaini ya kwamba joto lingemfaa mgonjwa. Lakini unyevu ulimwelemea bibi, na mwaka 1892 wakarudi De Smet. Huko mke alishona kwa fundi wa nguo kwa dola moja kwa siku, na mume alifanya kibarua chochote ambacho miguu yake iliweza kustahimili. Kwa kujinyima wakakusanya dola 100, wakazibadilisha ziwe noti moja, na noti hiyo wakaificha ndani ya kisanduku cha kuandikia cha Bibi Laura.

Tarehe 17 Julai 1894 waliondoka kwa gari la kukokotwa na farasi, pamoja na Rose mwenye miaka saba, na kuku wao wakiwa katika tundu nyuma ya gari. Bwana Wilder alichukua pia sanduku la vitambaa visivyoshika moto, vya kuweka chini ya vyungu jikoni, akawa anavibadilisha njiani kwa vyakula. Bibi Laura aliandika daftari la safari: joto la kila siku, hali ya mahindi, bei ya ardhi, rangi ya udongo. Mwenye kulisoma daftari hilo hatamwona mke anayeburutwa na mumewe kwenda asikokutaka. Huyo alikuwa mnunuzi anayekagua mali. Walifika Mansfield, katika vilima vya Ozark, jimbo la Missouri, tarehe 30 Agosti.

Walitazama mashamba mengi. Moja lilikuwa na ekari 40 za mawe, vichaka, makorongo na miteremko, kibanda cha magogo kisicho na dirisha, chemchemi ya maji, na mamia ya miche ya matofaa ambayo mwenyeji alishindwa kuishughulikia. Bwana Wilder hakulipenda. Katika makala iliyotoka kwa jina lake mwaka 1911, yeye mwenyewe anakiri ya kwamba mkewe ndiye aliyeling'ang'ania, akisema ya kuwa asipolipata hilo hataki jingine lolote, kwa maana paliweza kugeuzwa pakawa pazuri. Yule mwanamke aliyekataa kuolewa na mkulima alikuwa sasa amechagua shamba, tena shamba ambalo mkulima mwenyewe alilionea mashaka.

Siku ya kwenda kulipa, kisanduku kilifunguliwa na noti haikuwamo. Habari hii aliieleza Rose miaka mingi baadaye. Wazazi wake walipekua kila karatasi. Wakamwuliza kama alicheza na kisanduku, au kama alimwambia mtu yeyote, naye akaumia moyoni kwa kuulizwa hivyo. Siku zikapita, kazi haikupatikana, na mama yake akawa haongei. Kisha noti ikaonekana. Ilikuwa imeteleza ndani ya ufa wa mbao. Ikatolewa kuwa malipo ya kwanza ya shamba, na yaliyosalia yakawa deni la rehani. Mahali pale wakapaita Rocky Ridge, yaani Mgongo wa Mawe, wala hapakuwa na haja ya kumweleza mtu yeyote maana ya jina hilo.

Safari hii walianza kwa vitu vidogo. Mume hakuweza kufanya kazi ya siku nzima, kwa hiyo mke alishika ncha ya pili ya msumeno mrefu wa watu wawili, wakaangusha miti pamoja. Magogo manyoofu yalijenga na kuzungushia ua. Yaliyosalia yakawa kuni za kuuzwa mjini. Kuku walileta mayai, na mayai yakaleta chumvi, sukari na mafuta ya taa. Miche ya matofaa ilipandwa kila kipande cha ardhi kiliposafishwa. Kwa kuwa mtofaa huchukua miaka mingi kabla haujazaa, kwa muda fulani walilazimika kuhamia mjini, bwana akisafirisha mizigo kwa gari na bibi akiwapikia wasafiri na wafanyakazi wa reli. Walirejea shambani moja kwa moja yapata mwaka 1910. Bwana Wilder alipiga marufuku kuwinda kwale katika bustani yake, akiamini ya kwamba ndege hao walimlindia matofaa kwa kula wadudu, na bustani yake ilisifiwa.

Nyumba yenyewe waliijenga chumba baada ya chumba. Kibanda kilitangulia, kikafuata chumba kimoja kando yake, kisha kingine, hata ikakamilika mwaka 1913. Mbao zilitoka katika miti ya shamba, na mahali pa kuotea moto pakajengwa kwa mawe ya shamba. Jiko linastahili kuelezwa peke yake. Bibi Laura alikuwa mfupi, hakufikia futi tano. Mumewe alimtengenezea meza za kazi na makabati kwa kimo chake, si kwa kimo cha mafundi wa mjini, ili mikono yake isichoke wakati wa kukanda unga. Ikumbukwe ya kwamba hili ndilo jiko la pili alilopewa na mtu yuleyule. Tofauti ni kwamba hili la pili alijua limegharimu nini, maana msumeno aliushika mwenyewe.

Sifa za kuku wake zilienea. Inasimuliwa ya kwamba hotuba yake juu ya ufugaji, iliyosomwa na mtu mwingine katika mkutano wa wakulima kwa kuwa yeye hakuweza kuhudhuria, ndiyo iliyomfikisha kwa mhariri wa gazeti la wakulima liitwalo Missouri Ruralist. Makala yake ya kwanza ilitoka Februari 1911, naye aliendelea kuliandikia hadi mwaka 1924. Katika makala hiyo ya kwanza alitetea shamba dogo, akieleza jinsi familia inavyoweza kuishi vema kwenye ekari tano ikitumia akili na vyombo vinavyofaa. Aliyekuwa akisema hivyo alikwisha kuona ekari 320 zikimponyoka. Aliandika pia kwamba mke wa mkulima ni mshirika katika biashara ya shamba, na kwamba anapaswa kujua hesabu zake. Mumewe hakumwita kwa jina katika makala hizo, bali alimtaja kuwa ndiye Mwenye Mahali. Nyumbani walikuwa na majina yao mengine: yeye alimwita Manly, naye alimwita Bessie.

Baada ya serikali ya Marekani kupitisha sheria ya mikopo ya wakulima mwaka 1916, wakulima wa Mansfield waliunda chama chao, na Bibi Laura akawa katibu na mweka hazina kwa miaka kadhaa. Kwa mikono yake zilipita karibu dola milioni moja, zikawafikia wakulima kwa riba nafuu na muda mrefu wa kulipa. Watu wanaomkumbuka kwa vitabu vyake hawaitaji sana kazi hiyo. Hata hivyo ni vigumu kutowaza ya kwamba kila alipomkalisha mkulima mezani na kumsomea masharti ya deni, alitazama pia kama mkewe alikuwapo.

Vitabu vilikuja baadaye. Cha kwanza kilitoka mwaka 1932, alipokuwa na miaka 65, na cha pili, cha mwaka 1933, kilieleza utoto wa mumewe huko New York. Rose, ambaye naye alikuwa mwandishi, alivihariri kwa mkono mzito, na wataalamu wangali wanabishana juu ya kadiri ya mchango wake. Vilisomwa duniani kote. Pia vilikosolewa kwa jinsi vinavyowaonyesha wenyeji wa asili wa Marekani, hata mwaka 2018 jina lake likaondolewa katika tuzo mashuhuri ya vitabu vya watoto. Mwaka 1928 Rose aliwajengea wazazi wake nyumba mpya ya mawe ndani ya shamba, yenye kila kitu cha kisasa. Walikaa humo kwa miaka michache. Mwaka 1936 wakarudi katika ile waliyoijenga wenyewe.

Bwana Wilder alifariki huko tarehe 23 Oktoba 1949, akiwa na miaka 92. Bibi Laura aliishi peke yake shambani, akafariki tarehe 10 Februari 1957, siku tatu baada ya kutimiza miaka 90. Rose aliwafuata mwaka 1968 bila kuacha mtoto, na ukoo wa nyumba hiyo ukaishia hapo. Nyumba imekuwa makumbusho tangu mwaka 1957. Sahani ya kioo iliyookolewa motoni ingali imehifadhiwa, na jikoni meza za kazi hazikuinuliwa. Mgeni mrefu anayeingia humo hulazimika kuinama.