Karatasi Tuliyoidhani Hirizi



Wengi mnanijua kwa kusomesha watoto hapa Tanga, na huenda mkadhani kwamba mimi ni mtu wa pwani kwa asili. Sivyo. Babu yangu alikuwa Mzanaki wa Butiama, katika Mkoa wa Mara, akasilimu mjini Musoma, kisha akahamia Bunda kulima pamba. Mimi nililetwa pwani ningali mdogo ili nisome chuoni. Leo nakusimulia jambo la ukoo wangu. Ni jambo la kunitia haya, lakini nimeona kulificha ni kosa la pili.

Babu alifariki mwaka 1971. Shamba lake halikugawanywa hata bibi naye alipofariki, mwaka 1996. Jamaa wakaniita nikagawe mirathi, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma. Warithi walikuwa wana wawili, yaani baba yangu na ami yangu, na binti mmoja, shangazi yangu. Nikaonyeshwa shamba lote, la juu na la chini kwenye udongo mweusi. Nikapiga hesabu: mafungu matano, kila mwana mawili, binti moja. Hesabu ilikuwa sawasawa, na kila mtu akanisifu.

Shangazi peke yake ndiye aliyesema neno. Aliniambia kwa upole, "Mwanangu, lile la chini nililifyeka mimi kwa panga langu." Nikamjibu, "Shangazi, sisi tunagawa alichoacha maiti." Akanyamaza, akapokea fungu lake moja. Nikadhani ni uchungu wa wanawake. Baba yangu alipofariki mwaka 2003, mafungu yake mawili yakawa yetu mimi na ndugu zangu. Shangazi akafariki mwaka 2009. Mola amrehemu.

Mwaka 2019 ndugu yangu alibomoa nyumba ya zamani ya babu, akakuta darini mkebe wa bati. Akaniita. Vitu vyote vilikuwa vimefungwa ndani ya gazeti la Uhuru la Novemba 1974, lenye habari za Halmashauri Kuu ya TANU kukutana Musoma, mkutano ule uliotoa Azimio la Musoma juu ya elimu. Kwa gazeti hilo tukajua bibi aliufunga mkebe mwaka gani: ni wakati wa operesheni ya vijiji, watu walipohamishwa na kila mmoja akishika anachoweza kubeba.

Ndani mlikuwa na stakabadhi za kodi, na stakabadhi za pamba zilizoandikwa uzito wa pamba safi na pamba fifi. Nyingine zilikuwa kwa jina la babu. Nyingine, kuanzia mwaka 1961, zilikuwa kwa jina la shangazi. Chini kabisa palikuwa na karatasi iliyokunjwa na kushonewa ndani ya kitambaa. Jamaa wakasema, "Hiyo ni hirizi ya babu, usiifungue."

Nikaifungua. Haikuwa hirizi. Ilikuwa barua ya Kiswahili, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa mkono mzuri, na tarehe yake ni mwezi wa Shaabani mwaka 1380, yaani mapema mwaka 1961. Babu anakiri ndani yake, mbele ya mashahidi wawili, kwamba shamba la chini lilikuwa pori lisilo na mwenyewe, binti yake akalifyeka na kulilima, nalo ni mali yake, wala si mali ya babu.

Msomaji wangu, fikiri. Karatasi hiyo ilikaa ndani ya nyumba yetu karibu miaka 60. Waliokaa nayo hawakuweza kuisoma. Na aliyeweza kuisoma alikuja akagawa shamba, wala hakuuliza kama kuna karatasi.

Nilipowasomea, mtoto mmoja wa ami alipinga. Akasema jina lililo katika barua silo lililo katika stakabadhi za kodi, basi huyu ni mtu mwingine. Hoja yake haikuwa ya kudharauliwa, maana babu alilipa kodi kwa jina lake la Kizanaki, na barua imeandikwa kwa jina la Kiislamu. Nikaona sina budi kutafuta.

Nilianza Butiama. Pale nasaba ya Mtemi Nyerere Burito, aliyefariki mwaka 1942, inajulikana kwa kila mtu kwa sababu ya mwanawe, Mwalimu Julius Nyerere, na kuna makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1999. Lakini nasaba ya mkulima huulizwi mlangoni. Huna budi kukaa na wazee. Mzee mmoja wa ukoo wetu alinitajia majina yote mawili ya babu kabla sijamwuliza.

Nikaenda Dar es Salaam, kwenye Nyaraka za Taifa, Upanga, nikasoma Kitabu cha Wilaya ya Musoma, ambamo zamani Butiama na Bunda zote zilihesabiwa. Nilikuta watemi na koo, sikumkuta babu. Nikapekua Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanza mwaka 1923. Nilikuta barua na mashairi ya wasomaji, sikumkuta babu. Nikatafuta daftari za chama cha msingi alichouzia pamba, mojawapo ya vile vilivyokuwa chini ya shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, lililoundwa mwaka 1955. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na katika kuvunja na kurudisha, daftari za chama kile hazikuonekana tena. Hivyo stakabadhi alizozitunza bibi asiyejua kusoma ndizo zilizobaki.

Mwisho nilikwenda Musoma, kwa wajukuu wa mwalimu aliyeiandika barua. Walinitolea daftari lake la masomo. Mkono ulikuwa ule ule. Mtoto wa ami hakuwa na hoja tena juu ya jina.

Sasa tazama kosa langu. Nilijua kwamba katika mali ya maiti hutolewa gharama za maziko, kisha deni, kisha wasia, ndipo warithi. Lakini kabla ya hayo yote yapasa kutenga kisichokuwa chake. Nilijua pia mafundisho ya Mtume s.a.w. kwamba mwenye kuihuisha ardhi iliyokufa, ni yake. Na kila Ramadhani nawasomesha watu kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Suratul Baqara, inaamrisha deni liandikwe na washuhudiwe mashahidi. Elimu nilikuwa nayo. Nilichokosa ni kumsikiliza mwanamke mmoja.

Tuliwakusanya watoto wa shangazi Bunda, baada ya sala ya Alasiri. Mimi na ndugu zangu tukawarudishia sehemu yetu ya shamba la chini, nikawaomba msamaha mbele ya watu. Watoto wawili wa ami wakafanya vivyo hivyo. Yule mmoja bado anasema tuyaache ya kale. Tunamwombea, na tunaendelea kumwendea. Sehemu iliyorudi inafuatiliwa kijijini ipate hati ya hakimiliki ya kimila, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kwa majina ya wenyewe.

Ndugu yangu, nenda leo ukafungue mkebe wa wazee wako. Kama kuna karatasi ya herufi za Kiarabu, mpe anayejua akusomee kabla hujaivaa au kuichoma. Na ukiitwa kugawa mirathi, usianze na hesabu, anza na kuuliza. Shangazi yangu hakupata jibu hapa duniani, na kesho mbele ya Mola nitaulizwa mimi.

Mwenyezi Mungu atusamehe, awarehemu wazee wetu, na atupe macho ya kuona haki za watu. Amin.