Vichwa vya Skrubu

Binamu yangu alikatwa shilingi 2,000 kwa sababu ya vichwa vya skrubu. Mimi nilikuwa pale, nikanyamaza.

Tulifunga madirisha ya alumini Umoja, orofa ya tatu, mvua ikinyesha. Hiyo ilikuwa Jumatano. Jumamosi mama mwenye nyumba akapiga simu: "Vijana, madirisha yenu yanatema skrubu." Tukaenda. Kweli, vichwa vilikuwa vimetapakaa sakafuni kama vifungo vya shati, mashina yamebaki ndani ya fremu. Mdosi hakuuliza mara mbili. "Huyu anakaza kama anafunga tairi ya mathree." Moyoni nilikubali. Binamu ana mkono mzito, Kariobangi Laiti yote inajua. Yeye alisema tu, "Si mimi, skrubu ndiyo mbaya." Sasa fundi gani hasemi hivyo?

Kilichonisumbua baadaye ni zile siku tatu. Ukikaza kupita kiasi, kichwa hukatika hapo hapo, drili ikiwa mkononi, na shingo ya skrubu huwa imejisokota. Nilikuwa na vichwa viwili mfukoni, sijui hata niliviokota kwa nini. Nikawasha tochi ya simu, nikavuta kamera karibu. Hakuna msokoto, shingo haijakonda. Uso wake ulikuwa bapa, wenye chembe zinazometa kama sukari. Kilipasuka kama glasi.

Nikachukua sumaku ya spika mbovu. Stenlesi ya kawaida, yenye kromiamu kama asilimia 18 na nikeli 8, huishika kidogo sana au haishiki kabisa. Zetu ziliirukia. Hiyo ni jamaa ya daraja la 410: kromiamu kama asilimia 12, nikeli karibu hakuna, na huchomwa ikawa ngumu ili ncha ijitobolee yenyewe. Nikabana mpya kwenye vaisi, nikaigonga kwa nyundo. Ilipinda kidogo kabla ya kukatika. Nyingine niliyoitoa dirishani, bado ina kichwa chake, ilikatika pigo la kwanza.

Kwa hivyo haikutoka kiwandani hivyo. Maji ya mvua yakikaa kati ya skrubu na alumini, alumini ndiyo huliwa, na juu ya skrubu huzaliwa haidrojeni, atomu ndogo sana. Hupenya chuma kigumu kilichokazwa, ikajikusanya chini ya kichwa, panapovutwa zaidi. Hapo hungoja. Halafu usiku, watu wamelala: tik.

Nilimwonyesha mdosi. Akatazama, akasema "Sawa," akanunua za aina nyingine. Zile 2,000 hazikurudi. Binamu alikuwa ameshahamia Kitengela, kwa hivyo nilimtumia picha ya vile vichwa na maelezo marefu.

Akajibu: "Na Jumamosi ulikuwa wapi?"